Kikomando ni Chapo Madondo

Mama aliuza chapo madondo kwa miaka 14 kando ya steji ya matatu, kwenye kibanda cha mabati chenye benchi mbili na pazia la nailoni. Wateja wake walikuwa watu wa mjengo, makanga, na wanachuo waliokula kwa deni wakingoja pesa za mkopo wa serikali ziingie. Naanza na hilo kwa sababu Mama ndiye aliyeniharibia Street Food, ule mfululizo wa Netflix ambao nusu ya watu ninaowajua wameutazama wakiwa na njaa. Tangu aniharibie, sijaweza kuurudia kwa macho yale ya kwanza.

Kabla ya hapo nilikuwa shabiki damu. Msimu wa kwanza, Street Food: Asia, ulitoka Aprili 2019. Ni sehemu tisa, kila moja kama nusu saa, na kila moja ina mji wake: Bangkok, Osaka, Delhi, Yogyakarta, Chiayi, Seoul, Ho Chi Minh, Singapore, Cebu. Walioutengeneza ni David Gelb na Brian McGinn, wale wale wa Chef's Table, na ukiwahi kuona Chef's Table unaijua mikono yao: mvuke unaopanda polepole, mafuta yanayoruka kama fataki, vidole vilivyokunjamana vikikanda unga huku muziki ukikuandaa kulia. Nilikuwa nikiutazama usiku kwenye simu, nikila ugali wa mchana na sukuma iliyopoa, nikijiambia kwamba siku moja nikipata chapaa nitakwenda kuketi kwenye vile viti vya plastiki nile kama mtu.

Halafu Mama akaja kukaa kwangu wiki mbili kwa sababu ya kliniki ya goti. Jioni moja stima haikupotea na bando ilikuwa bado iko, nikamwekea sehemu ya Seoul. Nilidhani namfanyia zawadi. Huyu ni mama mwenzake, muuzaji mwenzake, tena maarufu duniani. Cho Yonsoon anauza kalguksu, tambi za unga wa ngano zinazokatwa kwa kisu, katika soko la Gwangjang. Madeni ya familia ndiyo yaliyomsukuma sokoni, na mwanzoni wauzaji wa jirani walimfanyia vituko.

Mama alitazama kimya dakika kama tano. Akauliza, "Maji anatoa wapi?"

Nikasema sijui, labda kuna mfereji.

"Na vyombo anaosha nani? Huyo hawezi kukanda na kuosha. Mkono wa sabuni haukandi unga." Nikanyamaza. Akaendelea: unga kilo ni pesa ngapi huko? Meza ni yake ama analipa kwa siku? Mvua ikinyesha wateja wanaenda wapi? Hao watoto wake walikuwa wanabaki na nani? Kila swali lilipokuja, kamera ilikuwa imeshapita, iko kwenye mvuke tena. Lakini ilipofika pale wauzaji wenzake wanamchukia kwa sababu anavuta wateja, Mama alijipiga paja. "Hiyo sasa ni ukweli. Hiyo hawajaongeza kitu." Na zile tambi zilipokatwa, kisu kikishuka haraka na kila uzi ukitoka sawa na mwenzake, akasogea mbele ya kochi. "Huyo amefanya miaka mingi," alisema, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuipata kwake kwa kitu chochote nilichofanya.

Nimeutazama tena msimu ule wote nikiwa na maswali yake kichwani, na naweza kusema kwa haki pale unaposhinda na pale unapoanguka. Unashinda kwenye mikono. Sijaona filamu nyingine inayoheshimu mkono wa mtu anayefanya kitu kimoja kwa miaka 40 kama hii. Sehemu ya Yogyakarta ina bibi anayeitwa Mbah Satinem, anayeuza vitafunio vya asubuhi vya sokoni, lupis ya mchele wa kunata iliyomwagiwa sharubati nzito ya sukari ya mnazi. Anaikata lupis kwa uzi. Kamera inatulia pale, haina haraka, na kwa dakika hiyo unaona ujuzi ukiwa kazi, bila mtu wa kukueleza kwamba ni ujuzi. Ukiwa umekua ukimwona mtu akisukuma chapati 120 kabla jua halijatoka, unajua kwamba hilo ni jambo ambalo watu hawajazoea kuonyeshwa.

Unaanguka kwenye hadithi. Tazama sehemu tatu mfululizo na utaweza kusema dakika ambayo machozi yatakuja. Mwanzo chakula kinang'aa. Kisha wataalamu wa chakula, wamekaa vizuri, wanatuambia mji huu ni wa aina gani. Kisha muuzaji anarudishwa kwenye shida yake: Jay Fai wa Bangkok na moto uliounguza nyumba, Toyo wa Osaka na utoto wa umaskini, Cho Yonsoon na madeni. Kisha chakula kinamwokoa. Sikatai kwamba mambo hayo yaliwapata. Kinachoniudhi ni kazi yanayopewa. Shida ya mtu inakuwa kiungo cha sahani, inaongeza ladha kwa sisi tunaotazama, halafu inawekwa mahali salama, zamani, imekwisha. Hakuna anayedaiwa leo. Hakuna ambaye goti linamuuma leo kwa kusimama kwenye saruji.

Bangkok ndiko pengo hili linakoonekana zaidi. Aprili 2017 mamlaka ya jiji lile ilitangaza mpango wa kuondoa wauzaji wa chakula kwenye vijia vya miguu, kwa jina la usafi na utaratibu. Kelele zilikuwa nyingi duniani, wakalegeza, wakasema maeneo kama Yaowarat na Khao San, yanayopendwa na watalii, yatabaki. Desemba ya mwaka huo huo mwongozo wa Michelin wa Bangkok ulimpa Jay Fai nyota moja. Yaani mwaka mmoja, mji mmoja, jiko la mtaani linavishwa taji na majiko ya mtaani yanafagiliwa. Na Jay Fai mwenyewe, nampenda sana yule nyanya na miwani yake ya kuteleza kwenye theluji anayovaa kuzuia mafuta, lakini kimanda chake cha kaa kilikuwa kikiuzwa karibu baht 1,000 wakati huo. Mtu wa mjengo wa Bangkok hali pale. Ukianza msimu mzima na yeye, umeshaamua unaandika kuhusu nani na kwa ajili ya nani.

Nimesema "kufagiliwa" kirahisi. Mimi nililiona likitendeka nikiwa darasa la saba. Lori lilikuja saa tano na nusu asubuhi, saa ambayo madondo yanakaribia kuiva, na askari wawili wakainyanyua sufuria ikiwa bado motoni, kwa matambara ya Mama mwenyewe, wakaipandisha. Kilo sita za madondo. Benchi zikafuata. Mmoja wao alikuwa mteja, na hilo ndilo Mama alilolirudia kwa miaka, kwamba yule alikuwa amekula pale Jumanne. Kesho yake Mama aliazima sufuria ya kanisa na akarudi mahali pale pale. Sasa wewe niambie, katika nusu saa ya Netflix, sehemu hiyo inaingia wapi? Haina mvuke mzuri.

Haki isemwe, tatizo hili ni kubwa kuliko mfululizo mmoja. Ni la aina nzima ya maandishi na filamu za mtu anayekwenda nchi ya watu na kula barabarani. Aina hiyo ina mfalme wake, marehemu Anthony Bourdain, na mimi bado naamini alikuwa bora kuliko waliomfuata, kwa sababu alikuwa tayari kuonekana mjinga. Lakini hebu tukumbuke ile meza. Mei 2016 alikula na Barack Obama, rais wa Marekani wakati huo, katika mkahawa wa kawaida Hanoi, Bún chả Hương Liên: viti vifupi vya plastiki, nyama ya nguruwe ya kuchoma, tambi, majani, bia. Bourdain alisema bili ilikuwa kama dola 6, na akalipa yeye. Baadaye wenye mkahawa waliizungushia ile meza kioo, na sahani zake na chupa zake ndani, kama kitu cha makumbusho. Wageni wanakula pembeni yake na kujipiga picha.

Sijaona picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi kinachotokea chakula cha mtaani kikishaguswa na msafiri maarufu. Mezani hapo hakuna anayekula tena. Lakini pia, na hapa Mama angenipinga kama nisipoongeza, wenye mkahawa ndio waliokiweka kile kioo. Walijua wanachouza. Mwenye kibanda akipata bahati ya aina hiyo ataitumia, na mimi mkosoaji na bando yangu sina la kumwambia.

Basi mwaka uliofuata nikapata safari yangu. Kwa kweli sikwenda mbali. Nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Kampala, kwa semina ya siku tatu, na nikaamua siku mbili za ziada zitakuwa za kula tu. Nilikuwa na orodha. Nilikuwa na simu yenye kamera nzuri ya kuazima. Manze, nilikuwa tayari.

Ukikaribia Kampala kutoka upande wa Jinja, basi husimama Namawojjolo, na hapo ndipo nilipoanza kujiona kama mtu wa Netflix. Kabla gurudumu halijatulia dirisha linajaa mikono: kuku wa kuchoma kwenye vijiti, maini, gonja zilizochomwa mpaka zikawa na rangi ya kahawia, chupa za maji. Nilinunua kila kitu. Kuku alikuwa mtamu hasa, ana moshi, ana chumvi, na gonja juu yake kama kitindamlo. Abiria wa kiti cha pembeni, mama wa Busia aliyekuwa akisafirisha mitumba, alinunua maji peke yake akafungua mkebe wake wa wali. Alinitazama nikipiga picha kijiti cha kuku. "Wewe ni mara ya kwanza," alisema. Halikuwa swali.

Kesho yake Wandegeya, karibu na Makerere. Kila anayeandika kuhusu Kampala lazima aandike rolex, kwa hiyo nami nitaandika: si saa, ni mayai yaliyokaangwa na kabichi, kitunguu na nyanya, yakaviringishwa ndani ya chapati, na jina lake ni matamshi ya haraka ya maneno ya Kiingereza yanayomaanisha mayai ya kuviringisha. Wengi husema wauzaji wake wa mwanzo walitoka Busoga, na Wandegeya hapo ndipo wanafunzi walipoifanya maarufu. Tangu 2016 ina hata tamasha lake. Kijana aliyenikaangia alikuwa wa rika langu. Alipasua mayai kwenye kikombe cha plastiki, akakoroga na mboga, akamwaga kwenye kikaango bapa juu ya sigiri, akaibandika chapati juu yake kabla yai halijakauka, akageuza, akaviringisha, akafunga kwa karatasi, akatia kwenye kaveera. Dakika mbili, labda pungufu. Nilimpiga video tatu.

Siku ya pili nikahitimu. Nikaagiza kikomando. Inasemekana jina hilo linatoka kwenye Commando, ile filamu ya Arnold Schwarzenegger ya 1985. Yaani ukiimudu sahani hii utatoka na misuli kama yake. Ilikuja kwenye sahani ya plastiki. Nikaipiga picha kutoka juu, kutoka pembeni, na kijiko kikiwa kimeingia. Nikaipandisha Instagram na maneno mengi kuhusu chakula cha wananchi, ubunifu wa vijana wa Kampala, ladha ya kweli ya mji ambayo huwezi kuipata hotelini. Niliandika neno "nimegundua". Baada ya dakika kumi rafiki yangu wa shule ya upili akaandika chini: "Si hiyo ni chapo madondo imekatwa?"

Ilikuwa chapo madondo imekatwa.

Nilicheka, nikaifuta ile picha. Lakini haikuondoka. Kwa sababu mimi, mwenye maneno yote hayo kuhusu wananchi na ladha ya kweli, nilipokuwa kidato cha pili niliandika kwenye fomu ya shule kwamba mama yangu ni "mfanyabiashara", nikaliacha hapo. Na siku za kufunga shule, tukitembea kundi kuelekea steji, nilikuwa nikivuka barabara mapema, nipite upande wa pili, upande wa duka la viatu. Mama aliona. Hajawahi kulisema hilo, lakini kibanda kile kilikuwa na pazia la nailoni, na nailoni inaonyesha.

Kwa hiyo swali langu kwa mfululizo huu, na kwa kila makala ya "nilivyokula barabarani Bangkok" ambayo vijana wa Nairobi sasa tunaandika tukirudi, linahusu umbali. Kwa nini chakula kile kile kinahitaji mpaka na muhuri wa pasipoti ndipo tukione? Nadhani jibu moja ni kwamba nje hatuna tabaka. Au tunajifanya hatuna. Pale Wandegeya hakuna mtu anayenijua, kuketi kwenye benchi ya mbao hakuniteremshi popote. Nikiketi kwenye benchi hiyo hiyo Gikomba, mtu wa ofisini akinipita, ni maelezo. Kuna wasee wa kwetu wanaojua tofauti ya pho ya Hanoi na ya Saigon na hawajawahi kula mutura kwa sababu "hujui imetengenezwa wapi". Unajua imetengenezwa wapi. Imetengenezwa hapo, mbele yako, na yule jamaa mwenye kisu na ubao.

Na hili linanileta kwenye neno ambalo aina hii ya uandishi inalipenda kupita kiasi: ujasiri. Msafiri hula konokono, bibi msomaji, kuwa macho! Msafiri hunywa supu ya kichwa! Msafiri tumbo lake liliharibika lakini hajuti! Ujasiri upi? Watu wanakula hapo kila siku kabla ya kwenda kazini, na jioni wanarudi kula tena. Ukiandika kwamba ulihitaji moyo kuketi kwenye ile benchi, umesema kitu kuhusu wote walioketi nawe. Street Food, nikiisifu, inalikwepa kosa hili. Haina mtangazaji anayetumbukiza uso kwenye bakuli na kupiga kelele za utamu. Wauzaji wanasema kwa lugha zao, wamekaa, wamevaa nguo zao nzuri. Zanzibar, ukienda Forodhani usiku, bustani ile iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya 2009, utaona mbadala wake: kila mgeni ana simu usoni mwa pweza, na sisi Wakenya tuko mstari wa mbele, tukiwa na Kiswahili ambacho kinatupandishia bei palepale.

Mwenye kutaka kulalamika atasema pia Afrika haimo. Ni kweli. Msimu wa 2019 ulikuwa Asia, wa 2020 Amerika ya Kusini na jirani zake, wa 2022 Marekani. Sisi bado. Niliwahi kuandika uzi mrefu wa hasira kuhusu jambo hilo. Sasa hasira imepungua. Najaribu kuwaza sehemu ya Nairobi na naiona yote: matatu yenye michoro ikipita polepole, moshi wa mahindi ya kuchoma, mama mwenye leso, mtaalamu kwenye kochi akisema mji huu hauna utulivu lakini una roho, na mnamo dakika ya kumi na mbili, kifo cha mtu. Bourdain alikuja, sehemu yake ya Kenya ilirushwa Septemba 2018, miezi mitatu baada ya kufariki, na uzuri wake ni kwamba alikuja na mgeni mwingine, mcheshi W. Kamau Bell, Mmarekani mweusi aliyekuwa akikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa ya utamu wake ni wageni wawili kuulizana walichokuja kufanya. Hilo angalau ni swali la haki. Street Food haijiulizi, kwa sababu imejificha nyuma ya kamera na kujifanya haikusafiri.

Kama ningepewa pesa ya sehemu moja, ningeanza na maswali ya Mama, na ningezikuta nchi nyingi zimekwisha yajibu kwa namna mbalimbali. India ilipitisha sheria ya wachuuzi wa mitaani mwaka 2014, inayosema muuzaji ana haki ya mahali pake, ingawa kati ya sheria na rungu la polisi pana umbali. Singapore ilisajili wachuuzi wake mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawahamishia kwenye masoko ya chakula yenye mfereji, paa na mtaro mpaka kazi hiyo ikaisha katikati ya miaka ya 1980, na Desemba 2020 UNESCO ikauweka utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi. Yule Chan Hon Meng aliyepata nyota ya Michelin 2016 kwa kuku wa soya alikuwa ndani ya soko la aina hiyo. Ukiitazama sehemu ya Singapore bila kulijua hilo, utadhani ladha ilitoka moyoni mwa mtu tu. Ilitoka kwenye mfereji pia. Mtu anaweza kusema Singapore iliua mtaa ili kukiokoa chakula, na ubishi huo ningeutazama saa mbili bila kusimama.

Niliporudi kutoka Kampala, Mama alikuwa bado kwangu, kliniki ilikuwa imeongeza wiki. Nikamsimulia rolex. Nilikuwa nimejiandaa kusimulia vizuri, na mikono, na ile video moja niliyoibakiza. Aliitazama mara mbili.

"Hiyo ni chapo mayai," alisema.

"Wao wanaviringisha."

"Nimeona." Akarudisha video nyuma kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta jina kwenye kitabu cha madeni. "Ulinunua pesa ngapi?"

Nikamwambia elfu tatu za Uganda, kama tisini zetu na kitu.

Akaanza kuhesabu kwa sauti. Mayai mawili, thelathini. Chapati, weka ishirini, maana ametia mafuta mengi, ona inavyong'aa. Kabichi na nyanya na kitunguu, kumi, akiwa ananunua jioni wakati wanateremsha bei. Karatasi na mfuko, mbili. Mafuta ya kukaangia, nane. Alisimama hapo, akatoa moja kwa nyingine kichwani.

"Anabaki na kama ishirini hivi. Kabla ya makaa." Akanirudishia simu. "Gunia la makaa huko ni pesa ngapi?"

Sikuwa nimeuliza.